Beseni la Maji ya Moto

Lilian alinikuta dukani nikishona sare za kwaya. Alisimama mlangoni akanizibia mwanga, nikamwambia aingie au atoke, achague moja. Kwa kawaida nikimkemea hucheka. Alijifunza cherehani kwangu tangu alipomaliza kidato cha nne, na makelele yangu ameyazoea. Siku hiyo aliingia bila kucheka, akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Dada Angelina, mimi na Modest tumeshaongea na paroko. Harusi ni baada ya Pasaka. Tunataka wewe na shemeji Patrisi muwe wasimamizi wetu."

Kwetu Rhotia kusimamia harusi si kuvaa vizuri na kupigwa picha. Wasimamizi ni mke na mume wenye ndoa yao tayari, na kazi yao kubwa hufanyika kabla ya kanisa. Mke humkalisha bi harusi chumbani, mume humvuta bwana harusi pembeni, na kila mmoja anasema yale ambayo wazazi hawawezi kumwambia mtoto wao. Baadaye vijana wakikwama, ni kwenu wanakuja.

"Kwa nini sisi?" nikamuuliza.

"Kwa sababu ninyi hamjawahi kugombana. Kila mtu anajua. Nimekaa hapa miaka yote hii, sijamsikia shemeji akipaza sauti hata mara moja."

Ilikuwa kweli. Patrisi ni dereva wa watalii, msimu wote yuko njiani, na akirudi nyumbani ni mtu mpole wa maneno machache. Ukimya wetu ulisifiwa hadi kwenye jumuiya ya kanisa. Mimi nikisikia sifa hizo nilikuwa natazama sakafu.

Lilian alikuwa bado hajamaliza. Alichukua kipande cha kitambaa kutoka sakafuni, akaanza kukikunja.

"Halafu nataka kukuuliza kitu, usinicheke. Wenzangu walioolewa wanasema kule kitandani ni kuvumilia tu, utazoea. Ni kuvumilia kweli, dada? Au na mwanamke ana chake?"

Mguu wangu ulisimama kwenye cherehani. Nimezaa watoto watatu, nimezika wazazi wangu wote wawili, wanawake wa jumuiya wananiita nikawashauri, na swali la binti huyu sikuwa na jibu lake. Wala si kwamba nilikuwa nalo nikaona haya kulitoa. Sikuwa nalo.

"Nitakuambia siku ya mawaidha," nikasema.

"Kwa hiyo mmekubali!" Akaruka, akanikumbatia, akatoka mbio. Nikabaki na kola ya kwaya mkononi, nimejifunga mwenyewe.

Mimi nilisimamiwa na Bibi Brigita na mumewe, Mzee Emmanueli, ambaye sasa ni marehemu. Brigita amewasimamia wanawake wengi hapa, na hata ambao hakuwasimamia yeye huitwa aje aseme neno, maana ndiye mkubwa. Mimi alinikalisha kwenye kitanda cha mama yangu, akafunga mlango kwa komeo, akanishika mkono.

"Utalala, utanyamaza," aliniambia. "Usijitikise, usitoe sauti. Mwanaume akisikia sauti atajiuliza ni nani aliyekufundisha. Akimaliza, usimlalie. Inuka, mchemshie maji, mpelekee kwenye beseni na taulo, aoge. Hapo atajua ameoa mwanamke wa heshima."

Alisema kwa upendo. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo, kwamba alisema kwa upendo kabisa, na mkono wake ulikuwa na joto.

Basi nikafanya. Nilikuwa mwanafunzi mzuri kupita kiasi. Usiku wa kwanza nililala kama gunia la mahindi, mambo yakaisha upesi, nikainuka nikajifunga kitenge, nikaenda jikoni kupuliza moto. Anayeijua Rhotia anaijua baridi yake. Nilimpelekea maji kwenye bafu letu la mabati uani, nikasimama nje na taulo, nasikia anavyojimwagia. Tuliporudi ndani kila mmoja alikuwa ameshapoa, tukageuziana migongo. Ikawa ndiyo desturi ya nyumba yetu.

Hamu nilikuwa nayo, kwa nini nifiche? Mwili wangu ulikuwa unaanza kuamka wakati yeye ameshamaliza, kisha unakwenda na hamu yake jikoni kupuliza kuni. Nilipokuwa kijana niliwahi kudhani nina ugonjwa. Baadaye niliacha kufikiri. Nikawa mtu wa kukemea: wateja, watoto, mbuzi wa jirani. Watu walisema Angelina ni mkali lakini ana moyo mzuri, na hakuna aliyeuliza ukali unatoka wapi.

Masika yalipokolea wageni walipungua, Patrisi akawa nyumbani. Mchana mmoja watoto wakiwa shuleni tulikaa jikoni tunachambua maharage, ungo katikati yetu, mvua inapiga bati. Ilibaki wiki chache tu kufika harusi, na swali la Lilian lilikuwa bado linanisubiri.

"Wewe utamwambia nini Modest?" nikamuuliza.

Akatabasamu. "Yale yale niliyoambiwa na Mzee Emmanueli."

"Alikuambia nini?"

"Hayo ni mambo ya wanaume, mama Katarina."

"Mimi ndiye niliyefanyiwa hayo mambo ya wanaume. Sema."

Akaniangalia aone kama natania. Alipoona sitanii, akarudisha macho kwenye ungo.

"Alisema mke mwenye heshima hasemi kitu. Ukiona yuko kimya, ujue ameridhika. Usimchoshe, maliza mambo yako umwache apumzike. Na akikuletea maji, oga, hata kama hutaki. Usimvunje moyo."

"Hata kama hutaki?"

"Ndivyo alivyosema." Alichukua jiwe dogo kwenye maharage akalitupa nje. "Na mimi nayachukia yale maji. Sijawahi kukuambia. Mtu nimetoka kukukumbatia sasa hivi, hata hujatulia, umeshakimbilia kuni. Nikajua unaniona mchafu. Nikasema basi, kama ndivyo anavyoniona, nitaoga."

Nilimtazama mwanaume huyu niliyelala naye ujana wangu wote. "Mimi nilidhani unayataka," nikasema. "Nilikuwa nasimama pale uani natetemeka, nikijua nakupa heshima yako."

Akaokota jiwe jingine kwenye ungo. Kisha akauliza lile nililokuwa naliogopa, tena akaliuliza polepole, bila kuniangalia.

"Na ule ukimya? Ulikuwa umeridhika?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno lenyewe fupi, lingefunika kila kitu, tungemaliza maharage yetu tukanywa chai. Lakini ningefika kwa Lilian na nini? Ningefunga komeo, ningemshika mkono, ningemwambia alale anyamaze, na yeye naye angekuja kumwambia mwingine.

"Hapana," nikasema.

"Siku nyingine?"

"Hakuna siku, Patrisi."

Uso wake ulibadilika kama mtu aliyepigwa na ndugu yake. "Kwa hiyo miaka yote ulikuwa unanivumilia. Mimi najiona nina nyumba, kumbe navumiliwa."

Hapo hasira zangu zikanitoka. Ningemwonea huruma kama nisingekuwa mimi ndiye niliyekosa changu. "Na wewe hukuwahi kuuliza! Faru unamsubiri asubuhi nzima. Unazima injini, unawaambia wageni wasikohoe, unasubiri mnyama ambaye hata hakujui. Unakuja kutusimulia mezani. Mimi ulinisubiri lini?"

Alisimama ghafla, ungo ukapinduka, maharage yakatapakaa hadi majivuni. Mlangoni akasema, "Mwambie Lilian atafute watu wengine. Sisi hatuna cha kumfundisha mtu." Akatoka kwenye mvua, akaenda kusimama zizini na ng'ombe wake mmoja hadi akalowa chapachapa.

Kesho yake asubuhi kampuni ilimpigia, kuna wageni wa kushuka nao kreta kutazama wanyama, kisha kwenda hadi Ziwa Natron. Aliondoka bila kula. Akaaga watoto, mimi akaniambia "haya" tu.

Siku hizo nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo hata kwenye kujifungua. Nilijiona mjinga. Wanawake wangapi wanaishi hivyo hivyo na nyumba zao zimesimama? Mimi kwa neno moja nimeiangusha yangu. Lilian alikuja kupimwa gauni, nikashindwa kumwambia yale aliyosema Patrisi. Nilimchoma pini kiunoni mara mbili, akadhani nimechoka na kazi.

Patrisi alirudi Alhamisi. Hakwenda nyumbani. Alisimamisha gari mbele ya duka, limejaa tope hadi kwenye vioo, akaingia akakaa kwenye kile kigoda cha wateja na kofia mkononi.

"Tulikuwa chini kreta," akaanza. "Nikamwona faru amelala mbali, nikazima injini. Kuna mama mmoja mtu mzima kwenye gari, akaniuliza, unajuaje kama atainuka? Nikamwambia sijui, mama, mimi naangalia masikio. Masikio ndiyo yananiambia kama ana wasiwasi au ametulia. Nilipomaliza kusema hivyo, nikashindwa kuendelea kuongea. Wageni wakadhani naumwa." Akainua macho. "Masikio ya faru nayajua, Angelina. Wewe sikujui."

Sikumbuki mara ya mwisho aliponiita jina langu ilikuwa lini. Tangu Katarina azaliwe nimekuwa mama Katarina.

"Sikukasirika kwa sababu hukuridhika," akaendelea. "Nilikasirika kwamba nilikuwa pale pale na sikujua. Na jambo jingine nikuambie. Mimi pia nilikuwa peke yangu. Namaliza, naoga, nalala, lakini nilikuwa na kama njaa fulani ambayo chakula chake sikijui. Nikadhani ndiyo utu uzima."

"Sasa tufanye nini?"

"Nifundishe."

"Nikufundishe nini? Na mimi sijui. Nilipewa kunyamaza, nikapewa na beseni. Basi."

Akafikiri. Kisha akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu mwenye haya. "Basi sote ni wageni. Tutatafuta."

Tulifunga duka, tukaenda nyumbani. Ilikuwa mchana kweupe, watoto wako shuleni, jambo ambalo mtu wa umri wangu angesema ni la watu wasio na kazi. Mchana ndio ulionitisha. Usiku nilikuwa na giza la kujifichia, na sasa mume wangu alikuwa ananitazama usoni na kuniuliza: hapa, au hapa? Hivi, au polepole zaidi? Nami ilinibidi nijibu kwa mdomo. Neno la kwanza nililowahi kulisema kwenye kitanda changu mwenyewe lilikuwa "taratibu". Nililisema nimefumba macho, nikisubiri aniulize nani kanifundisha. Hakuuliza. Akaenda taratibu.

Msidhani siku ile kulitokea makubwa. Yeye alikufa ganzi mkono, mimi nikashikwa na kicheko cha woga, na mwisho tukaishia kulala tu tunaangalia dari. Kisha miguu yangu, kwa mazoea yake, ikashuka kitandani kutafuta kandambili niende jikoni. Patrisi akanishika kiwiko.

"Kaa," akasema.

Nikakaa. Nililaza kichwa kifuani kwake, nikasikia moyo wake unakwenda mbio, kisha unapungua, kisha unatulia kabisa. Sikuwahi kuusikia. Kila ulipokuwa unatulia mimi nilikuwa jikoni. Nililia sana siku ile, na yeye hakuniambia ninyamaze.

Ilichukua siku kadhaa. Tulijifunza kuongea kwanza, jambo lililokuwa gumu kuliko yote, maana haya ni kitu kizito. Yeye alijifunza kwamba mwili wangu unachelewa, na kwamba kuchelewa si kukataa. Mimi nilijifunza kumwambia hapana, hapo sipendi, na dunia isianguke. Nilijifunza pia kumuuliza yeye, na nikagundua mwanaume mzima, baba wa watoto watatu, hakuwahi kuguswa mgongo kwa upendo tangu alipokuwa mtoto. Kisha mchana mmoja, nikiwa hata sikutegemea, sauti ikanitoka yenyewe.

Patrisi alisita kwa hofu. "Nimekuumiza?"

"Hapana," nikasema. "Usiache."

Baadaye alificha uso wake begani kwangu, akakaa hivyo muda mrefu, nikasikia bega langu limelowa. Tulikuwa tumekwisha kuwa watu wazima wenye mvi mbili tatu, na tulikuwa na huzuni kubwa siku ile, pamoja na furaha yenyewe. Ujana wetu wote ulikuwa umepita ukioga maji ya moto.

Siku ya mawaidha ilikuwa Ijumaa, siku moja kabla ya harusi. Patrisi alimchukua Modest wakaenda kukaa nyuma ya nyumba ya akina Lilian, kwenye benchi. Mimi niliingia chumbani na Lilian, na Bibi Brigita akaingia nyuma yetu na fimbo yake. Mama yake Lilian ndiye aliyemwita. Sikuweza kusema asije.

Alikaa kitandani. Akanielekeza nifunge komeo. Akamshika Lilian mkono, na kabla sijafungua mdomo akaanza.

"Mwanangu, utalala, utanyamaza. Usijitikise..."

Yalikuwa maneno yale yale, hata mahali pa kupumua palikuwa pale pale. Lilian alisikiliza, kisha akageuka kunitazama. Alikuwa na lile swali machoni, na mimi ndiye niliyemwahidi jibu. Brigita alifika kwenye kuni, akafika kwenye maji, beseni, taulo, heshima. Kumkatiza mtu mkubwa kwetu ni kitu kibaya, watu wanakihesabu kama laana. Niliikalia mikono yangu.

"Bibi," nikasema alipovuta pumzi, "naomba na mimi niseme."

"Sema. Ndiwe msimamizi."

Nilimgeukia Lilian. "Uliniuliza kama mwanamke ana chake. Anacho. Mungu hakukuumba nusu. Lakini hutakipata kwa kunyamaza, na Modest hawezi kukipata kwa ajili yako kama humwambii. Kitu kikikuuma, mwambie aache, na aache hapo hapo. Kitu kikikupendeza, mwambie pia, usione haya. Mwili wako huenda ukachelewa kuliko wake. Mwambie akusubiri. Na wewe muulize yeye anataka nini, usifikiri kwa kuwa ni mwanaume basi amefika. Usimdanganye hata siku moja kwamba umeridhika. Na mkimaliza, kaa. Usiende popote."

Brigita aliuachia mkono wa Lilian.

"Unamfundisha nini mtoto wa watu, Angelina?"

"Nilichokikosa, bibi."

"Mimi ndiye niliyekufundisha wewe."

"Ndiyo, bibi. Na nilifanya yote uliyosema, sikuacha hata moja. Nilinyamaza hadi masika haya. Mume wangu alidhani namwona mchafu, mimi nilidhani hanihitaji. Ninyi watu mnatusifu hatugombani. Tungegombana vipi, na hatukuwa tunaongea?"

Sauti yangu ilikuwa imepanda kuliko nilivyotaka. Nikategemea anichape na fimbo, na sijui kama ningeikwepa. Lakini fimbo haikuinuka. Nje akina mama walianza kumwita Lilian, mjomba wake wa Mbulu amefika, aje amsalimie. Lilian alisimama. Alinibusu shavuni, kisha akamwinamia Brigita ashikwe kichwa apate baraka, na Brigita akamshika kichwa kama kawaida, Lilian akatoka.

Nikarudisha komeo, tukabaki wawili. Nilianza kukunja khanga zilizokuwa kitandani, ingawa zilikuwa zimekunjwa.

"Wewe na Patrisi," akasema Brigita. "Sasa ni vizuri?"

"Ni vizuri, bibi."

"Na yale maji?"

"Hayataki. Hakuwahi kuyataka."

Akatikisa kichwa polepole. "Huyo ni Patrisi. Mzee wangu aliyapenda. Hadi wiki aliyofariki nilikuwa nampelekea. Hakuniambia hata siku moja kwamba hayataki." Mimi nikaendelea kukunja. Nikamwona ananitazama mikono, si usoni. "Mzee wangu ndiye aliyemkalisha mumeo. Alimwambia nini kuhusu maji?"

Nilikuwa nalijua neno lenyewe lilivyo, na Mzee Emmanueli yuko kaburini nyuma ya kanisa, hatasikitika. Nani angeumia nikisema alimwambia ni mazuri? Bibi huyu angekwenda nyumbani kwake na amani yake. Lakini nilikuwa nimetoka kumwambia binti asidanganye, na nilimwambia kwenye kitanda hiki hiki alichokikalia Brigita. Na kweli nilimpenda. Kama nisingempenda ningemdanganya.

"Alimwambia, akikuletea maji, oga, hata kama hutaki. Usimvunje moyo."

Brigita hakulia. Alikaa na mikono juu ya fimbo, anaangalia ukuta, mahali ambapo Lilian alikuwa ametundika gauni lake.

"Alikuwa anatetemeka," akasema. "Pale uani. Nikadhani ni uzee." Akaigeuza fimbo mikononi. "Na mimi nimesimama na taulo, miguu haina hisia kwa baridi, naomba amalize upesi nirudi kulala. Kumbe na yeye."

Nilikaa karibu naye, nikamshika mkono, ule ule alionishika nao siku yangu. Ulikuwa wa baridi. Nje walikuwa wanamcheka mjomba kwa kitu alichosema, na nyuma ya nyumba nilisikia sauti ya Patrisi, ya chini, haina haraka, anaongea na Modest.

Brigita aliusikiliza ule mnong'ono kwa kitambo. Kisha akajifuta uso kwa pindo la kitenge, ingawa haukuwa umelowa, akaiweka fimbo sawa.

"Mwite yule mtoto arudi," akasema. "Nimemwambia apeleke maji. Nataka nimwondolee hilo neno mimi mwenyewe."

Nikafungua komeo, nikaenda kumwita.